Mjadala: Kitukano kiandikwe na alama zote, au zipunguzwe?

Habari zenu wakuu. Kitukano huzungumzwa bonde la mto Uaupés, mpakani mwa Brazil na Kolombia. Mwaka 2002 manispaa ya São Gabriel da Cachoeira, upande wa Brazil, ilikipa hadhi rasmi pamoja na lugha nyingine mbili za wenyeji, Kibaniwa na Nheengatu. Lugha ikishaingia ofisini na darasani lazima iandikwe, na hapo ndipo vuta nikuvute inapoanza.

Chukua jina wanalojiita wenyewe: Ye'pâ-masa. Kile kimkato ni sauti inayokatwa kooni. Kofia juu ya a inaonyesha toni, yaani kiwango cha sauti, juu au chini. Lakini irabu mbili za masa, yaani watu, hutamkwa puani na hazina alama yoyote! Sababu ni kwamba Kitukano hakiweki upuani kwenye irabu mojamoja. Huenea shina zima. Ukiona m, umeshajua irabu zake ni za puani. Shina lenye p, t, k au s tupu ndilo halikupi dalili, na hilo huhitaji kiwimbi: ã.

Msimamo wangu: kiwimbi kiwekwe mara moja tu kwa shina, pale m na n zisipokuwepo. Toni iandikwe pale tu maneno mawili yanapogongana kwa maandishi. Mtoto anayeanza kusoma asibebeshwe alama za kitu ambacho sikio lake linakijua.

Mchangiaji: Mkuu, sikio la nani? Kule watu huoa nje ya kundi la lugha yao. Mama Mtuyuka, baba Mdesano. Watariana wengi leo wanaongea Kitukano, na lugha yao ya asili si hata ya ukoo mmoja na Kitukano. Ongeza shule za bweni za wamisionari Wasalesiani, zilizowakataza watoto lugha zao. Kijana wa mjini anayeirudia lugha anaihitaji hiyo kofia kila neno.

Mleta mada: Huyo kijana namkubali, na kamusi imwekee kila alama. Ila kitabu cha darasa la kwanza si kamusi. Sisi paa la nyumba na paa wa porini tunawaandika sawa, ingawa Kimvita huwatofautisha kwa pumzi, na msomaji hapotei. Ninachoona kigumu zaidi ni ile irabu ya sita ya Kitukano, ambayo Kiswahili hakina: wataalamu wengi wanaandika ɨ, vitabu vingine ʉ. Nyie mngechagua ipi, na kwa nini?