Kwa nini askari husubiri muda mrefu hivi kupewa mavazi bora ya mvua?

Dada wa Askari

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu ni askari, na kwa sababu zinazoeleweka sitataja jeshi wala kikosi chake. Kabla ya masika yaliyopita, yeye na wenzake walipimwa kwa ajili ya mavazi mapya ya mvua: koti lenye kofia, suruali ya kuvaa juu ya kombati na buti zisizopitisha maji. Masika yalikuja yakapita, vuli nayo inakaribia kwisha, na lindoni bado wanavaa makoti yaleyale ya plastiki nzito ambayo humlowesha mtu kwa jasho hata pale mvua isipoingia. Kila wakiuliza hujibiwa kuwa mzigo uko njiani. Kwa kuwa makoti mazuri ya aina hiyo yanauzwa madukani kwa wapanda mlima, naomba mnieleze: je, ipo sababu ya msingi ya kuchelewa huku, au ni uzembe tu?

Msomaji wa Vita

Dada, uzembe haukosekani, lakini mara nyingi kuchelewa hutokana na uamuzi wa mtu mwenye cheo kuhusu kipi kitangulie kusafirishwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa jeshi la Marekani lililopigana Ulaya magharibi mwishoni mwa mwaka 1944. Mavazi bora yalikuwa yamekwisha kubuniwa. Koti la vitani la mwaka 1943, lililoshonwa ili livaliwe juu ya sweta, lilijaribiwa na Divisheni ya 3 ya askari wa miguu huko Anzio, Italia, mapema mwaka 1944, na waliolivaa walilisifu. Hata hivyo, wakuu wa ugavi wa Ulaya hawakuliagiza kwa wingi, kwa sababu walipendelea koti fupi la sufu, ambalo kwa maoni yangu lilifaa gwaride kuliko handaki, na wengi walitarajia kwamba vita vingekwisha kabla ya baridi kuingia. Baada ya mbio za kuvuka Ufaransa mwezi Agosti, bandari na malori hayakutosha tena, na Jenerali Omar Bradley, mmoja wa makamanda wakuu wa Marekani huko, aliandika baadaye, bila kuficha, kwamba alitanguliza risasi na petroli kwa makusudi na kuyaacha nyuma mavazi ya majira ya baridi.

Mwezi Novemba mvua ilinyesha kupita kiasi katika jimbo la Lorraine, mashariki mwa Ufaransa, mto Moselle ukafurika, na jeshi la Jenerali Patton likawa linashambulia ndani ya matope likiwa na buti za ngozi zinazonyonya maji. Viatu vyenye mpira chini na ngozi juu, vilivyotengenezwa kwa hali kama hiyo hasa, vilifika kwa wingi mwezi Januari 1945. Mguu unaokaa siku kadhaa katika maji baridi bila kuvuliwa kiatu hufa ganzi, hubadilika rangi, kisha huvimba kiasi kwamba kiatu kikishavuliwa hakivaliki tena. Hali ikizidi, nyama huoza. Wanajeshi huuita mguu wa handaki. Kufikia mwisho wa majira yale ya baridi, Wamarekani wapatao 45,000 walikuwa wameondolewa mstari wa mbele kwa ugonjwa huo na madhara mengine ya baridi, idadi inayolingana na divisheni tatu za wakati ule.

Fundi Turubai

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kuhusu kitambaa chenyewe tusiwaonee watu wa ugavi. Mwaka 1969 Robert Gore aligundua kwamba PTFE, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande, ikivutwa kwa ghafla hutanuka na kuwa utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho hupita. Makoti ya utando huo yalianza kuuzwa katika miaka ya 1970, na yale ya kwanza yalivuja kwa sababu mafuta ya mwili wa mvaaji yaliuchafua utando, hadi ulipoongezewa tabaka la kuukinga. Jeshi la Marekani lilianza kugawa makoti hayo katika miaka ya 1980. Lingekimbilia yale ya mwanzo, lingejaza maghala bidhaa inayovuja.

Isitoshe, koti la askari hudaiwa mambo ambayo mpanda mlima hayajali: lisipige kelele anapotembea usiku, rangi yake isimfichue mbele ya darubini za usiku, na mikanda ya mkoba isilichakaze mabegani. Mishono nayo lazima ibandikwe utepe kwa ndani, la sivyo maji hupenya kwenye matundu ya sindano. Hapo ndipo nimeona shehena nzima ikirudishwa kwa mshonaji.

Mzee wa Lindo

Mwanangu, mwambie mdogo wako asiliwekee koti hilo matumaini makubwa mno. Utando huo hufanya kazi vizuri pale hewa ya nje inapokuwa ya baridi au kavu; katika msitu wenye joto na unyevu, mvuke wa jasho hauna pa kwenda. Miezi ileile ya 1944 inayozungumzwa hapo juu, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vijana wetu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ilikuwa ikisonga mbele katika bonde la Kabaw, Burma, kutoka Tamu hadi Kalewa, ndani ya mvua za monsuni. Hakuna koti la mvua ambalo lingewaweka wakavu kule.

Majeshi mengi hufundisha utaratibu huu kwa mazingira hayo: seti moja ya nguo hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na huvaliwa wakati wa kulala tu, alfajiri askari huivua na kuirudia ile iliyolowa, hata kama inachukiza. Miguu hukaushwa, husuguliwa na kupakwa poda, na soksi za akiba hazitumiki kufutia bunduki. Hata Patton aliagiza soksi kavu zipelekwe mstari wa mbele pamoja na chakula.

Dada wa Askari

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru nyote. Je, anaruhusiwa kujinunulia koti lake mwenyewe?

Fundi Turubai

Aombe ruhusa ya mkuu wake kwanza, kwa sababu vazi lisilo la sare linaweza kumletea adhabu, na rangi za madukani huonekana kutoka mbali. Wanapouliza kuhusu mzigo, wasiishie kuuliza utafika lini, bali waulize umekwama hatua gani: zabuni, ukaguzi wa sampuli, forodha au bohari. Ukiwa tayari bohari, huenda kinachosubiriwa ni saizi zilizopungua, na hapo mkuu wa kikosi anaweza kuomba wanaokesha malindoni wagawiwe kwanza.