Paka wangu nimfungie ndani au nimwache atoke?

Jamani, nisaidieni. Naishi Langoni, Lamu. Paka wangu wa kike, miezi 7, juzi karudi alfajiri sikio la kushoto limechanika, damu imemgandia mpaka shingoni. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi huku nalia. Mama asema paka wa Lamu hafungwi, mitaa ni yake tangu zamani. Lakini mimi silali tena akiwa nje.

Jibu kutoka Mkomani: Pole sana dada. Kwetu magari si shida, ni madume wanaopigana vichochoroni usiku. Mfunge uzazi haraka. Paka hushika mimba hata akiwa na miezi 4. Na mchanje kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata ugonjwa huo aking'atwa na mnyama aliye nao.

Jibu kutoka Shela: Wangu hutoka mchana tu. Ikiadhiniwa Magharibi nagonga sahani ya dagaa, aja mbio mkia juu.

Muulizaji: Ahsanteni mno. Ua wetu wa ndani una jua zuri, nimemwekea beseni la mchanga pale. Hatoki mpaka afungwe uzazi na kidonda kipone. Mama nitamweleza mwenyewe.