Naomba ushauri: majani ya mpungate (aina ya kaktasi) ya kujaza jibini, yai linabanduka

Habari zenu wapendwa. Niko Houston, na jirani yangu Mmeksiko alinionjesha nopales za kujaza: majani mawili machanga ya mpungate yanabana jibini katikati, yanapakwa unga, yanachovywa kwenye yai lililopigwa, yanakaangwa na kumwagiwa mchuzi wa nyanya. Tamu mno!

Nimejaribu mara mbili. Miiba niliikwangua kwa kisu, nikachemsha dakika 15 na kitunguu na chumvi, lakini utelezi haukuisha, kama bamia kabisa. Yai likabanduka lote kwenye mafuta, jibini likavuja ingawa nilibana kwa vijiti vya meno.

Je, niyachome kwanza kwenye kikaango kikavu? Na ute mweupe wa yai mnaupiga peke yake? Mama mkwe anakuja Jumamosi, natamani sana ale hiki.