Jeli ya chunusi inanibandua uso na harusi inakaribia: niendelee au niache?

BintiPangani
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa waliosomea mambo ya dawa au waliowahi kutumia.

Nina chunusi tangu sekondari, mashavuni na kidevuni, na kila ikipona moja inaacha doa jeusi. Mwezi uliopita nilienda kwa daktari wa ngozi akaniandikia jeli, kwenye boksi imeandikwa adapalini 0.1% na benzoili peroksidi 2.5%. Akasema nipake usiku mara moja. Foleni ilikuwa inanisukuma mgongoni, maelezo yakaishia hapo.

Mwanzoni sikuona shida. Sasa ngozi ya pembeni mwa pua na mdomo inabanduka, nikinawa inawasha, na zimetoka chunusi mpya sehemu ambazo hazikuwepo. Napaka uso mzima mpaka nionekane mweupe, halafu naongezea juu ya chunusi zenyewe. Asubuhi nanawa kwa sabuni ya mche, napaka mafuta ya nazi natoka.

Harusi ni baada ya Idi, imebaki miezi miwili na kidogo. Mama anasema niache. Shangazi anataka nianze kusingwa mapema. Rafiki yangu kaniletea tyubu ya krimu kutoka duka la dawa, anaapa kwamba ndani ya siku tatu uso unakuwa laini. Nishike lipi?

Halafu foronya yangu ya bluu imetoka mabaka ya rangi ya chungwa. Hii ni dawa kweli?

Chuma_Chakavu
Foronya imeungua, uso je? Tupa hiyo kitu. Paka dawa ya meno ulale, asubuhi zimekauka.

Mfamasia_Mtaani
Mkuu Chuma, dawa ya meno ni ya meno. Kwenye ngozi iliyokwisha kuwashwa utamuongezea kidonda, na kwa ngozi zetu kidonda kinaacha doa kuliko hiyo chunusi yenyewe.

BintiPangani, dawa ni sahihi, shida iko kwenye upakaji. Uso mzima unahitaji kiasi cha punje moja ya njegere. Weka vidoa vidogo kwenye paji, mashavu yote mawili na kidevu, kisha sambaza mpaka vipotee. Ukijiona mweupe kwenye kioo ujue umezidisha, na kuzidisha hakuharakishi kitu. Usiongezee juu ya chunusi. Adapalini kazi yake ni kuzuia matundu ya ngozi yasizibe, kwa hiyo inafanya kazi hata pale ambapo chunusi haijajitokeza, na benzoili peroksidi inaua bakteria. Kona za pua, midomo na kuzunguka macho usipaguse kabisa. Huko ndiko unakobanduka.

Kwa sasa pumzika siku kadhaa mpaka muwasho utulie. Ukirudi, anza usiku mmoja uruke mmoja au miwili, ngozi ikizoea ndipo usogee kila usiku. Nawa, jifute taratibu, subiri uso ukauke kabisa, maana ngozi yenye maji inawashwa zaidi. Ukiona bado kali, tanguliza losheni isiyo na manukato kisha jeli juu yake.

Sabuni ya mche waachie nguo. Tafuta sabuni laini ya uso isiyo na chembechembe za kusugua. Mafuta ya nazi nayo yanaziba matundu, yapake miguuni.

Chunusi kuongezeka wiki za mwanzo ni jambo la kawaida na dawa hizi. Matokeo ya kueleweka huja kati ya wiki 8 na 12, kwa hiyo siku ya harusi utakuwa na nafuu, usitegemee uso mpya. Lakini ukivimba kope au midomo, ukitoka malengelenge au ukabanwa pumzi, hiyo ni mzio: acha hapo hapo uende hospitali.

Foronya ni benzoili peroksidi, inapausha kitambaa. Lalia foronya nyeupe, tumia taulo nyeupe, na jeli ikauke kabla hujafunga mtandio.

Somo_wa_Ngamiani
Mwanangu, hongera kwa harusi. Mimi nimesinga mabibi harusi wengi hapa Tanga na nakuambia wazi: mwali anayepaka dawa za namna hii uso wake siugusi. Liwa, karafuu na mawaridi ni vitu vizuri, lakini ngozi iliyolainishwa na dawa ukiisugua inachunika na mwali anaingia ukumbini na mabaka. Mikono, mgongo, miguu, asingwe mpaka ang'ae. Uso uachwe. Na nyusi asikutoe mtu kwa nta, inaondoka na ngozi. Mwambie shangazi yako kwa adabu, akikataa mwambie somo wa Ngamiani kasema.

Nuru_Minneapolis
Mnamtisha bure. Huku Marekani adapalini 0.1% inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2016, unaichukua kwenye rafu pamoja na shampuu. Mimi napaka na nakunywa chai yangu.

Mfamasia_Mtaani
Dada Nuru, hiyo ya rafuni ni adapalini peke yake. Mwenzio ana mchanganyiko, ambao hata huko kwenu unahitaji cheti. Na wewe upo kwenye baridi, yeye anatembea kwenye jua la Tanga saa saba mchana.

Hilo la jua nilikuwa nimelisahau. BintiPangani, kila asubuhi paka krimu ya kukinga jua, SPF 30 au zaidi. Ngozi iliyo kwenye dawa hii inaungua upesi, na jua ndilo linaloyafanya madoa yakatae kufifia. Zipo za jeli ambazo haziachi weupe kwenye ngozi nyeusi. Tyubu yako usiitembeze kwenye pochi, joto linaiharibu.

BintiPangani
Ahsanteni sana, nimesoma yote. Somo, shikamoo, nitamfikishia shangazi. Hii krimu ya rafiki yangu imeandikwa betamethasoni, klotrimazoli na neomaisini. Nisipake hata kidogo kutuliza muwasho?

Dada_wa_Kariakoo
Usithubutu! Mdogo wangu alipaka ya hivyo hivyo. Kweli siku tatu uso ulikuwa laini, tukamsifia. Baadaye kila akiacha uso unawaka, vipele vidogo vidogo vya kufanana vimejaa, akirudia vinatulia. Akawa mtumwa wa tyubu. Mashavuni ngozi ikawa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Kupona kulichukua muda mrefu kuliko chunusi zenyewe.

Mfamasia_Mtaani
Umemaliza dada. Betamethasoni ni steroidi. Inazima wekundu na uvimbe haraka, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini yenyewe inaleta chunusi zake. Hizo tyubu za mchanganyiko wa dawa tatu si za uso.

BintiPangani, nina swali, na kama hutaki kulijibu hapa njoo inbox. Baada ya harusi mnapanga kupata mtoto mapema?

BintiPangani
Ndiyo, mwenzangu anataka mapema. Kwani inahusiana?

Mfamasia_Mtaani
Sana. Adapalini ipo kwenye kundi la retinoidi, yaani dawa za jamii ya vitamini A. Ya kupaka inaingia kwenye damu kidogo mno, lakini maelekezo ni kwamba mjamzito au anayetafuta mimba asitumie. Rudi kwa daktari kabla ya harusi umwambie mpango wenu. Anaweza kukuachia benzoili peroksidi peke yake au akakuhamishia asidi ya azelaiki, ambayo inafaa kwa wajawazito na inasaidia hata hayo madoa. Ikitokea umeshika mimba ukiwa bado unapaka, acha na umwarifu daktari, usikimbilie kuogopa.

Somo_wa_Ngamiani
Hilo la mimba hata mimi nilikuwa silijui. Nitaanza kuwauliza wali wangu wanapaka nini.

BintiPangani
Daktari hakuniuliza na mimi sikujua kwamba linasemwa. Nitarudi kliniki wiki ijayo. Tyubu ya rafiki naitupa leo. Mama kakubali, sharti lake nimpe foronya zote za rangi azifiche.

Chuma_Chakavu
Sawa, nimeshindwa. Mfamasia, mimi nikinyoa ndevu natoka vipele shingoni, na mimi nipake hiyo punje ya njegere?

Mfamasia_Mtaani
Hivyo si chunusi mkuu, ni nywele zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Acha kwanza kunyoa chini kabisa, tumia mashine inayobakiza kidogo. Mengine fungua uzi wako, huu ni wa bibi harusi.