Naombeni ushauri: sheli inataka kujengwa ukutani kwetu, Pasua Moshi

Wakuu, habari za leo. Kiwanja tunachopakana nacho kimezungushiwa mabati, na mwenyekiti wa mtaa anasema inakuja sheli na duka la saa 24. Kisima changu kiko hatua chache tu kutoka hapo, wapangaji wote wanachota, na mama mkwe ana pumu. Tanki likivuja chini ya ardhi, nani atajua mapema? Naelewa kibali cha kujenga sheli kinatoka EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na tathmini ya athari kwa mazingira iko chini ya NEMC (baraza la taifa la mazingira), ila majirani hatujaulizwa chochote. Tuanze na barua kwa mkurugenzi wa manispaa kupinga kubadilishwa matumizi ya kiwanja cha makazi, au twende NEMC moja kwa moja? Aliyewahi kuandika barua ya namna hii anisaidie, tafadhali.