Bakteria wa chini ya sakafu ya bahari wanakula nini miaka yote hiyo?

KinaKirefu: Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie. Kuna bakteria wanaishi ndani ya tope la baharini, sio juu yake, ndani kabisa makumi ya mita, jua hakuna, chakula kipya hakifiki na tope lenyewe limefunikwa miaka mamilioni. Sasa wanaishije? Au wamelala tu?

Mashapo: Chakula kipo mkuu, ila ni makombo ya makombo. Mabaki ya viumbe wa juu yakizama yanagombaniwa njiani, yakifika chini yanaliwa tena na walioko juu ya tope, kinachozikwa ni kile kilichoshindikana. Hata pumzi ni ya kubahatisha, sehemu nyingi oksijeni inaisha mapema kwahiyo badala yake wengine wanapumua kwa kutumia naitreti, wengine chuma, chini zaidi salfeti (chumvichumvi na madini yaliyomo kwenye tope), na kila hatua faida inazidi kuwa ndogo. Ndo maana hawahangaiki kuzaana. Bakteria wa maabara akishiba anagawanyika kila dakika 20, hawa wanaweza kumaliza miaka mamia hata maelfu, kale kanishati wanakopata kote kanaenda kukarabati DNA na protini zilizochakaa.

Hadubini_7: Na sio kwamba wamejifungia kama spora (yaani seli iliyojifunga kwenye ganda gumu na kulala), wengi wanakosea hapo. Mwaka 2010 watafiti walichimba tope la Pasifiki ya Kusini, kina cha maji karibu mita 3,700 mpaka 5,700, sehemu ambayo tope haliongezeki hata mita moja kwa miaka milioni. Timu ya Yuki Morono wa Japani ikawapa vijidudu chakula chenye kaboni na naitrojeni za aina nzito kuliko ya kawaida, kijidudu akikila inaonekana ndani ya seli yake. Aisee walikula! Ndani ya siku 68 kuna walioongezeka zaidi ya mara 10,000, mpaka wale wa tope la miaka milioni 101.5. Matokeo yalitoka 2020, na wengi wao sio jamii ya kutengeneza spora kabisa. Pale oksijeni ipo mpaka chini kwa sababu walaji ni wachache mno, hakuna wa kuimaliza.

KinaKirefu: Duh, asante sana. Ila si inawezekana waliingia juzijuzi tu kutoka juu?

Hadubini_7: Ngumu mkuu. Huo udongo ni laini sana, nafasi kati ya chembe na chembe ni ndogo kuliko seli yenyewe, hakuna pa kupita. Waliopo ni wale waliozikwa pale, au vizazi vyao.