Imeili zimegoma kutoka: kikundi cha Majirani Mwanga, Kigoma

Mama Neema: Majirani, habari za jioni. Laptopu yangu inapokea imeili vizuri ila nikituma haziendi, zote zimerundikana autiboksi. Kesho saa nne asubuhi mnunuzi wa Dodoma anafunga kupokea bei za mawese, na bei ya kikundi chetu haijamfikia. Naombeni msaada.

Bi Mwajuma: Pole mwanangu. Leo mtandao mzito, hata picha za harusi zimegoma kufunguka.

Baba Shukuru: Zima ruta, ngoja kidogo, washa.

Mama Neema: Nimeshafanya hivyo Baba Shukuru. Na imeili bado zinaingia, mnunuzi mwenyewe kanikumbusha sasa hivi.

Mwalimu Joel: Isije ikawa kirusi. Mimi ningefomati.

Hamisi Fundi: Shikamooni wakubwa. Mwalimu, tusifomati tafadhali, mle kuna hesabu za kikundi za mwaka mzima. Mama Neema, ukibonyeza kutuma inakuletea maneno gani? Yasome yote.

Mama Neema: Marahaba baba. Inazunguka weee, halafu inasema imeshindwa kuungana na seva ya kutuma, muda umekwisha.

Hamisi Fundi: Haijalalamikia paswedi?

Mama Neema: Hapana.

Hamisi Fundi: Safi, hapo nimepata pa kuanzia. Ingekuwa paswedi, seva, yaani kompyuta inayopokea imeili zako na kuzipeleka mbele, ingejibu na kukataa. Hapa hakuna aliyejibu kabisa. Waifai ni ya wapi?

Mama Neema: Ya nyumbani, tumefungiwa juzijuzi. Ofisini kwetu Katubuka zilikuwa zinakwenda bila shida.

Hamisi Fundi: Zima waifai, washa hotspoti ya simu, kisha tuma imeili fupi isiyo na picha.

Mama Neema: Imeenda! Neema kaipata!

Baba Shukuru: Basi hiyo waifai ni mbovu. Dai hela yako.

Hamisi Fundi: Si mbovu, mzee wangu. Kupokea imeili na kutuma ni kazi mbili, kila moja ina seva yake na namba ya mlango wake, yaani njia ya kuingilia kwenye seva. Ndiyo maana upande mmoja unakufa na mwingine unadunda. Zamani programu zilitumia mlango 25 kutuma. Kompyuta zenye virusi zikautumia huohuo kumwaga imeili taka bila mwenyewe kujua, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huufunga kwa wateja wa majumbani. Tangu 1998 kuna mlango 587, uliotengwa kwa ajili ya mtu kukabidhi imeili zake kwa seva, naye ajitambulishe kwanza. Mama, ingia mipangilio ya akaunti, shuka chini kabisa kwenye seva ya kutuma, iliyoandikwa SMTP. Mlango ni namba ngapi?

Mama Neema: 25. Na penye usalama pameandikwa hakuna.

Hamisi Fundi: Hapo penye usalama ndipo pananiuma zaidi. Bei zenu zote zilikuwa zinasafiri wazi. Weka 587, usalama chagua STARTTLS ili imeili zisafiri zimefichwa, utambulisho weka paswedi ya kawaida, na jina la mtumiaji liwe anwani nzima ya imeili. Ikikataa, jaribu 465 na usalama SSL/TLS, nayo inaficha vilevile. Ya kupokea usiiguse, haina kosa.

Mwalimu Joel: Na hiyo ya kujitambulisha ni lazima? Ofisini mbona hatuiwekagi?

Hamisi Fundi: Ofisini seva huenda inawajua kwa mtandao wenu, mwalimu. Ukiwa nje inakuona mgeni, na seva nyingi hukataa kupeleka imeili ya mgeni asiyejitambulisha.

Mama Neema: Nimerudi waifai ya nyumbani. Imeomba paswedi, nimeweka. Zinatoka! Zimebaki mbili zenye picha za madumu, zinasuasua.

Hamisi Fundi: Picha zina uzito gani?

Mama Neema: MB 20 zote pamoja.

Hamisi Fundi: Picha zikiambatishwa huvimba kwa theluthi moja na ushei, hiyo 20 inasafiri kama 27. Seva nyingi hazipokei mzigo huo. Futa hizo mbili, punguza picha, halafu tuma bei peke yake kwanza.

Mama Neema: Bei imetoka, na mnunuzi kajibu kaiona. Mungu akubariki Hamisi.

Bi Mwajuma: Amina. Alhamdulillahi.

Baba Shukuru: Hamisi, nimefungua ya kwangu, nayo ni 25. Pita kesho.

Hamisi Fundi: Nitapita baada ya alasiri, mzee. Tafuta paswedi ya imeili kabla sijafika.